Anayewaleta Watu

Kambini, 4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Baba. Mimi mzima, ila mbavu zinalalamika, na mbavu za bondia zisipolalamika ujue hafanyi mazoezi. Simu tumenyang'anywa hadi pambano lijalo lipite, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Baba anaendeleaje kwenye nyumba mpya? Natumaini kengele ya mlangoni umeshaing'oa. Unajua akisikia kengele yoyote, hata ya baiskeli, anainuka ngumi juu akidhani yuko ulingoni, na mimi siko hapo kumwambia, "Raundi imekwisha, bingwa." Sauti ya mtu mwingine haitikii.

Sasa shida yangu. Promota alinikalisha kitako. Anasema mkanda wa ubingwa ninao lakini watu sina. Anamtaka Chiriku, yule bondia domokaya ambaye mkanda pekee aliowahi kuvaa ni wa suruali. Wewe uko kwenye hiyo kampuni ya televisheni ambako watu hulipia ndipo wafunguliwe pambano, na kazi yako ni kupima mauzo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa: kati yangu na Chiriku, nani anawaleta watu? Nikishindwa kuuza safari hii, mkataba unavunjwa na mimi narudi kubeba mizigo.

Mdogo wako,
Kimya

Nyumbani, 15 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika. Kuku angeandika vizuri zaidi, lakini nimeisoma. Sisi hatujambo. Baba anakula, analala, na jana kaniita kwa jina la marehemu Mama, nikaitika, ningefanyaje. Kengele niliing'oa siku ileile tuliyohamia.

Umetaka ukweli. Mauzo ya pambano moja hayasemi nani kawaleta watu, maana ulingoni wako wawili. Sisi humtazama bondia alipopigana na mtu asiyejulikana. Chiriku akipewa asiyejulikana, watu wanalipia vilevile. Wewe ukipewa asiyejulikana wananunua majirani zetu, nao wanajazana sebule moja. Nusu ya wateja wa Chiriku wanalipia wamwone akipigwa, lakini sisi hatuulizi mtu anamtakia nani mema. Wewe hawakupendi wala hawakuchukii. Unashinda, unashukuru, unaenda kulala.

Watu wanataka kisa. Na kisa tunacho, kiko chumba cha pili. Bosi wangu ameanza kuulizia habari za Baba. Nimwambie?

Dada yako

Kambini, 1 Machi

Dada yangu,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo, na ahsante kwa ukweli ingawa umenichoma. Promota amekubali: mimi na Chiriku, tarehe mbili Mei, na jina la kutangulia ni la yule atakayevuta watu zaidi.

Lakini kuhusu Baba, hapana. Unakumbuka pambano lake la mwisho, tulivyokaa viti vya mbele na Mama. Kocha alimsihi abaki kwenye kigoda cha kona yake, asiendelee na raundi. Kengele ikalia, akainuka. Aliyerudi nyumbani siku ile hakuwa yule aliyetoka. Mama alituapisha sote wawili kwamba Baba hatainuka tena mbele ya watu. Mimi niuze unavyotaka. Sema nimelala njaa, sema nimeachwa na mchumba. Baba muache apumzike.

Mdogo wako,
Kimya

Nyumbani, 20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Nimekusikia. Chumba cha Baba nimekipaka rangi nyeupe, kimependeza. Wewe piga mazoezi, mambo ya mauzo niachie mimi. Kwani ukizaliwa kimya lazima ufe kimya? Nakutania tu. Kunywa maji ya kutosha.

Dada yako

Kambini, 9 Aprili

Dada,

Salamu sina.

Jana kocha alituita ukumbini tuone tangazo la pambano. Nikaona chumba cheupe. Nikamwona Baba amekaa kitandani na fulana yake ya kulalia. Kisha mkono ukaingia pembeni ya picha umeshika kengele, ukaitikisa. Akainuka. Ngumi juu, kidevu kakificha begani kama alivyotufundisha, macho yanamtafuta wa kupigana naye. Halafu likaja jina langu kwa maandishi makubwa. Wenzangu walitazama viatu vyao.

Ule mkono una kovu la pasi. Nilikuwepo ulipoungua.

Na mimi ni bondia, dada. Namjua mtu aliyeinuka mara moja, na namjua aliyeinuliwa mpaka magoti yanatetemeka. Jasho lile halikuwa la mara moja. Mlirudia mara ngapi? Na nani alimwambia raundi imekwisha?

Chiriku ananitukana mwaka mzima na sijaumia, maana yeye yuko mbele yangu na mikono ninayo. Wewe nilikuachia ulinde mgongo wangu. Nilikuandikia "hapana" kwa mkono wangu, nawe ukaniambia umesikia. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yangu ulikuwa wewe. Umenisaliti, na umemsaliti yeye ambaye hawezi hata kulijua hilo.

Kimya

Nyumbani, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima, hata kama hutaki kuniambia.

Ndiyo, mkono ni wangu. Ulitaka kengele ashike mgeni? Wewe unamjua Baba wa kwenye barua. Mimi namjua wa kuogeshwa, wa kugeuzwa kitandani, wa kutafutwa mtaani akitoka mlango ukiwa wazi. Miaka yote hii umeuliza mbavu zake na kunieleza zako. Zangu hujaziuliza. Kama ungerudi kubeba mizigo, mzigo wa kwanza ungekuwa nani, na ungembebea wapi?

Leo asubuhi nimeangalia maagizo yaliyoletwa na kila tangazo, lako na lake Chiriku. Umemwacha Chiriku mbali, na siku bado. Jina lako ndilo linatangulia. Uliniuliza nani anawaleta watu. Nimekuletea watu.

Nijibu, hata kwa matusi.

Dada yako

Nyumbani, 3 Mei

Mdogo wangu,

Sijui hii itakukuta wapi. Kambini wanasema umechukua begi ukaondoka, na simu yako imezimwa.

Jana nililipia pambano kama watu wengine. Nilitaka kusikia wakilitaja jina lako kwanza, ndiyo maana sauti ya televisheni sikuizima. Raundi ya kwanza Baba aliinuka, nikamshika mabega akakaa nusu. Wewe ulimchezesha Chiriku hadi akakosa la kusema, na hilo si jambo dogo. Kisha ukaenda kwenye kigoda. Kengele ikalia, Chiriku akatoka kwenye kona yake. Wewe hukutoka. Kocha akakusukuma. Refa akakuinamia. Uso wako haukuwa na mkwaruzo, na ulikuwa umeikazia macho kamera. Najua ulikuwa unanitazama mimi. Walikuzomea mpaka ukashuka, na mkanda akavishwa Chiriku.

Ofisini wanasema hakuna pambano lililonunuliwa kama lile, wala lililotukanwa kama lile. Kazi nimeipoteza. Hilo niliache.

Neno ni Baba. Wewe ulipokaa, yeye aliinuka, na tangu hapo hajakaa. Televisheni nimeizima. Majirani walikuja kumlaza, akawarushia ngumi. Siku ya kamera alichoka mwenyewe akaangukia kitanda. Safari hii hachoki. Akisinzia anaegemea kabati, akizinduka anapandisha mikono.

Usinisamehe, sikuombi hilo. Washa simu tu, useme yale maneno yako, nami nitaiweka sikioni mwake. Mimi namwambia tangu jana raundi imekwisha, bingwa, raundi imekwisha. Hanisikii. Anautazama mkono wangu, anangoja kengele.

Dada yako