Uso Wangu Kwenye Ukuta wa Rimandi

Mzee Abdi,

Nimekukasirikia, na kwa kuwa huwezi kunijibu nitasema yote bila kukatizwa. Ulipokuwa hai hilo halikuwezekana hata siku moja.

Kwanza habari za kazi. Mwanao aliniachia brashi zako na ile kona yetu ndani ya yadi ya malori. Bado naandika majina ya matajiri kwenye milango ya malori yao, na bado wanataka tai. Nawachorea tai wangu, si wako. Wako, Mungu akurehemu, walifanana na kuku aliyenyeshewa, na hakuna aliyethubutu kukuambia ila mimi. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kile kikohozi tungekishughulikia mapema, lakini ulisema ni baridi ya Eldoret tu, itaisha mahindi yakikauka. Mahindi yalikauka ukiwa umeshazikwa.

Nimeendelea na watoto wa rimandi, wale wanaofungiwa wakisubiri kesi zao. Pale hospitali uliniambia, "Wewe msichana, Jumamosi usiache watoto yangu." Mimi msichana, na nina watoto watatu, Njoki akiwa wa kwanza! Nikaenda. Kila Jumamosi natoka Kiplombe na karatasi zile tulizokuwa tukiokota kwa wachapishaji, penseli zilizokatwa katikati ili zitoshe, na kile kioo cha pembeni ulichokifungua kwenye lori lililokufa. Vijana wanakaa kwenye meza za chumba cha kulia na kupokezana kioo. Wengine hawajaona sura zao tangu washikwe.

Nimefundisha kuchora katuni vile vile ulivyonifundisha wewe. Katuni inataka mtu ambaye msomaji atamtambua katika kila kisanduku, akikimbia, akilia, akiwa amegeuka, na uso wa kwanza kujifunza ni wako mwenyewe. "Uso moja kwanza," ulikuwa ukisema, "ingine itakuja baadaye." Ndiyo maana katika hadithi zao kila mtu ana sura ya aliyechora. Mama mboga ni yeye, askari ni yeye, hata ng'ombe ana macho yake. Unakumbuka harusi aliyochora Kiprono? Bwana harusi Kiprono, bibi harusi Kiprono, pasta Kiprono. Ulilazimika kutoka nje ili usiwacheke mbele yao.

Ni huyo Kiprono ninayetaka kukuambia habari zake, yule mrefu kutoka kijijini Ziwa, mwenye kovu juu ya nyusi. Alishtakiwa kuvunja duka na kuiba redio. Yeye alisema hakuwepo. Mimi sijui. Wewe hukuwahi kumuuliza mtoto yeyote. Ulisema korti iko kule mjini, hapa kuna penseli. Kesi yake ikawa inaahirishwa, inaahirishwa, kisha Jumamosi moja baada ya mazishi yako akachora duka. Kila mtu mzima aliyekutana naye alikuwa amemuuliza juu ya lile duka, nadhani likamjaa kichwani, akalitoa kwa njia aliyoijua. Mwizi anavunja kufuli, anabeba redio, anakimbizwa, anakamatwa. Ilikuwa kazi nzuri, Mzee. Hata mikono, iliyokuwa ikimshinda, ilikuwa imeanza kukaa sawa. Mwizi alikuwa na kovu juu ya nyusi. Askari naye alikuwa nalo, na mwenye duka pia, lakini nani angewatazama hao?

Niliibandika ukutani pamoja na nyingine, kama ulivyotuzoesha, ili wasomeane hadithi wakinywa uji. Jumatatu inspekta wa polisi, yule mwendesha mashtaka, akaja kuchukua watoto wa kupeleka kortini. Akasimama pale ukutani, akasoma, akaibandua na kuitia ndani ya faili.

Nilikwenda kortini. Inspekta aliinua ile karatasi akasema mtoto amekiri kwa mkono wake mwenyewe. Nikasimama kutaka kueleza, na karani akaniambia, "Mama, keti chini, wewe si shahidi." Nikaketi. Hakimu aliitazama karatasi kama mtu anavyotazama risiti ya sukari, basi, yakaisha. Kiprono amepelekwa shule ya kurekebisha tabia, mbali, miaka mitatu. Walipompitisha karibu nami aliniuliza, "Madam, picha yangu watanirudishia?"

Mpaka leo nikiosha vyombo namsikia.

Hapo ndipo nilipokukasirikia. Kwa nini nyuso zao? Si ungewafundisha kuchora sungura kama watu wengine! Sungura hashtakiwi. Nilibishana nawe jikoni kwa sauti hadi mume wangu Kamau akaja kuuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na ugali.

Jumamosi iliyofuata vijana walikaa mikono imefichwa ndani ya sweta. Kioo kilizunguka meza kikiwa kifudifudi, kila mmoja akimsukumia mwenzake kana kwamba kina moto. Mmoja akachora mlima. Mwingine akachora nyumba. Nikauliza, watu wako wapi? Wafula, yule mdogo kuliko wote, akasema, "Madam, sisi hatuchori watu tena. Ukichora mtu unapelekwa."

Mzee, nilitaka kukusanya vitu vyangu niende nyumbani. Badala yake nikachukua karatasi kubwa kuliko zote, nikageuza kile kioo na kukisimamisha mbele yangu. Nikachora mwizi. Mwizi wangu ana kitambaa cha kichwa kama changu, ana mwanya wangu wa meno na haya mashavu unayoyajua. Anavunja duka, anabeba redio, anakimbizwa na askari mwenye mwanya. Chini nikaandika jina langu lote, la ubatizo na la baba, kwa zile herufi nene za mlango wa lori. Nikaibandika pale pale palipokuwa na ile ya Kiprono. Vijana walitazama ukuta, wakanitazama mimi, wakatazama mlango.

Msimamizi wa rimandi aliniita ofisini akafunga mlango. Si mtu mbaya, ana hofu tu kama sisi wote. "Mama Njoki, unatafuta nini? Siku hizi mtu anachukuliwa na polisi juu ya karatasi tu. Toa hiyo kitu." Nikamwambia kama uso kwenye karatasi ni kukiri, basi nimekiri, waje. Akageukia dirisha, akasema yeye hajaona kitu, na huwa hali chakula chake katika chumba kile.

Kamau aliposikia hakupiga kelele, na angepiga ingekuwa afadhali. Aliniuliza, "Na hawa watoto, nitawaambia mama yao alienda wapi?" Wiki hiyo Land Rover kama zile za polisi ilisimama mchana kutwa ng'ambo ya yadi. Labda dereva alikuwa anangoja springi ya gari itengenezwe. Mimi nilimwaga rangi na kuharibu mlango wa lori la mtu.

Lakini sikiliza. Jumamosi iliyopita Wafula aliomba penseli. Akainama, akafunika karatasi kwa mkono kama mtoto anayezuia mwenzake kunakili. Nilipopita nyuma yake nikaona kitambaa cha kichwa. Nikaona mwanya. Alikuwa ananichora mimi, nikidaka mpira golini. Nikaenda kwa mwenziwe, nikajikuta nikiendesha lori. Kwa mwingine nilikuwa nimevaa koti la askari, nikimpiga kwa rungu mtu aliyeanguka chini, na yule wa chini alikuwa mimi. Kijana alinitazama kuona kama nitakasirika. Nikamwambia mkono wa rungu ni mfupi, aurefushe.

Nilizibandika zote. Chumba kizima ni mimi.

Naogopa, Mzee. Nakuambia wewe kwa sababu Kamau sitamwambia. Lakini nakuahidi, Jumamosi nitakwenda, na ile ya baadaye. Inspekta akija na faili yake akauliza huyu mwizi ni nani, nitasema ni mimi, na huyu ni mimi, na yule pale pia ni mimi, mpaka siku watoto watakapotaka tena nyuso zao.

Lala salama, mwalimu wangu. Hasira haijaisha, lakini nimekukumbuka sana.

Msichana wako,
Nyambura