Siku ya Tatu ya Idi

Vuga, Mji Mkongwe,
Unguja.
Alhamisi, 23 Juni 2022

Mpendwa mdogo wangu Thuwaini,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeshaipokea, ingawa wiki saba sasa hujaileta. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Kawthar na watoto, na joto la Maskati lisiwe limewachosha sana. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Masika yameondoka, ukuta wa ngazini umekauka, na baridi ya kipupwe imeanza kutuamsha alfajiri.

Usishangae kupata karatasi zama hizi. Simu yangu hupokei, na kwenye kundi letu la familia umejitoa bila hata kuaga, kama mtoto aliyenyang'anywa karata. Basi barua nimempa jirani yetu Bi Ummkulthum, anayesafiri Jumapili. Nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka akuone unaifungua. Unamjua, hataondoka.

Nataka kukwambia jambo kuhusu ule mchezo wa kriketi wa Idi. Ukishasoma, kama utataka kukasirika, nikasirikie mimi. Kaka Jamil mwache.

Nianzie pale mlipoanza kuvutana. Wewe ulitaka kuileta timu yako ya Maskati wakati wa Idi ndogo, kwa kuwa ndiyo likizo pekee ambayo wenzako huipata pamoja. Kaka Jamil, kwa ukatibu wake wa klabu yetu, akasema Idi mwaka huu inaangukia kwenye masika, kiwanja kitakuwa ziwa, na ligi yetu huanza Juni ardhi inapokauka, kwa hiyo mje Julai. Wewe ukasema Julai hupati watu. Yeye akasema mgeni hampangii mwenyeji msimu wake. Mpaka leo hujitetea kwamba hata mataifa makubwa hugombana hivi hivi, ziara ya huyu inaingia ndani ya msimu wa yule. Sawa, lakini mataifa makubwa hayakunyonya ziwa moja.

Mwisho mkawa hamsemezani, kila neno linapitia kwa Baba. Naye akakata shauri: "Siku ya tatu ya Idi. Mvua tumwachie Mwenyewe." Mkakubali wote wawili kwa sababu amesema yeye.

Unajua kwa nini alilitaka jambo hili. Baba amekuwa mwamuzi miaka arubaini. Ameamua michezo ya mabaharia, ya walimu, ya mabwana wakubwa waliojiona hawawezi kutolewa. Lakini hajapata hata siku moja kusimama nyuma ya vile vijiti vitatu huku mwanawe mmoja akirusha mpira na mwengine ameshika gongo. Ulipoondoka ulikuwa bado hujaingia timu ya wakubwa.

Barua ya makubaliano niliiandika mimi, kama unavyojua. Mimi ndiye ninayeshika daftari la kuhesabia mikimbio ya mchezo, na barua zote za klabu hupita mkononi mwangu. Baba alikaa kitini, mimi naandika. Akasema, "Andika, siku ya tatu ya Idi." Nikaandika. Kisha akasema, "Tia na tarehe ya kizungu, Asila." Hilo, mdogo wangu, sikulifanya.

Si kwamba nilisahau. Nilijiambia mwezi haujaandama, tarehe nitaitoa wapi? Nikaona nikitia tarehe nitakuwa kama mtu anayejifanya anajua lililo mbinguni. Nikaikunja barua, nikakutumia wewe nakala na Kaka Jamil nakala. Haikunipitikia kamwe kwamba Idi yenu na Idi yetu zinaweza kupishana.

Mwezi ukaandama kwenu kabla ya kwetu. Nyinyi mkasali Idi Jumatatu, sisi Jumanne. Siku yako ya tatu ikawa Jumatano, ya Kaka Jamil ikawa Alhamisi. Laiti mngekuwa mnasemezana, simu moja ingetosha.

Ile Jumatano asubuhi sitaisahau. Mvua ilikuwa imekatika. Baba na mimi tulikuwa kiwanjani tunautandika ule mkeka wa usumba wa nazi tunaochezea juu yake, aliowasukisha wanawake wa Uroa mwaka ule wa harusi yako, ili upigwe na jua kwa ajili ya kesho yake. Gari lenu likaingia kutoka Kiwengwa mlikolala baada ya kutua usiku wa manane, mkateremka wote kumi na mmoja na nguo zenu nyeupe zilizopigwa pasi. Ukamtazama Baba, ukanitazama mimi, ukatazama kiwanja kitupu. Ukauliza, "Wako wapi?"

Kaka Jamil alikuwa Mkokotoni kwa wakwe zake, na nusu ya vijana wameshavuka Tumbatu kula sikukuu. Ulipompigia ulisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Umenidhalilisha mbele ya watu wangu makusudi." Naye akajibu, nilimsikia maana simu yako inapiga kelele kama redio, "Ulitaka tufungue kwa mwezi wa Maskati? Njoo kesho!" Kesho saa sita mchana ndege yenu ilikuwa inaondoka. Ukakata simu, mkapanda gari. Baba alikuwa bado ameinama anapigilia msumari wa mkeka, akadhani unakwenda kuegesha pembeni. Ukaondoka bila kumpa mkono.

Alhamisi Kaka Jamil akawaleta vijana wake. Baba akavaa koti lake jeupe la uamuzi, akasimama mahali pake mpaka adhana ya adhuhuri. Hakuna aliyethubutu kumwambia avue.

Na mimi nikanyamaza. Nilijua pale pale, ulipouliza "Wako wapi," kosa liko wapi. Lakini nikaona haya. Wewe ukamshutumu kaka yako, yeye akakushutumu wewe, na Baba akajishutumu mwenyewe. Kila aliyekuja kutoa pole, Baba alimwambia, "Kosa langu, nlisahau kumwambia Asila atie tarehe. Uzee huu." Na mimi nimekaa pembeni namimina kahawa. Wiki saba, Thuwaini. Najisikia vibaya hata kuandika.

Kilichonifungua mdomo ni jambo la wiki iliyopita. Lakini kwanza ujue la mwezi uliopita, ambalo hata ungepokea simu usingeambiwa. Macho ya Baba yana maradhi, presha ya macho anavyoiita daktari. Dawa ya matone anatia, lakini daktari amesema kilichokwenda hakirudi, na kufika mwisho wa mwaka huenda mpira asiuone kabisa. Baba amekataza tusikwambie. Anasema hataki uje kwa kumwonea huruma.

Kila siku baada ya alasiri hunitaka nimpeleke kiwanjani. Husimama mahali pa mwamuzi, mimi naenda upande wa pili kusimamisha vijiti, na yeye huvitazama akajipima. Jumamosi iliyopita kijiti cha kati kilikuwa kimepasuka, nikakiweka chini. Nikasimamisha viwili tu, wala sikufikiri kitu. Baba akakunja uso, akatazama muda mrefu, kisha akanyanyua mkono kwa furaha. "Nnaviona vyema leo, Asila. Vyote vitatu."

Sikumwambia. Nilivichomoa haraka nikavifunga kwenye kitambaa, na njia nzima nililia nyuma yake.

Jumatatu nikamwendea baada ya magharibi, nikakaa chini kando ya kiti chake, nikamwambia yote: kwamba aliniambia nitie tarehe, na mimi kwa ujuaji wangu sikutia. Nilitegemea anikaripie. Akacheka, na machozi yakamlengalenga. Akasema, "Kumbe nlikwambia? Alhamdulillahi. Mie nshajua macho yanakwenda, nkadhani na akili inafuata."

Hivyo ndivyo nilivyomtesa mzee wangu, kwa kunyamaza tu. Nakuomba radhi, mdogo wangu. Kaka Jamil nimeshamwomba jana. Alinuna mpaka wakati wa chakula cha usiku, kisha akaniuliza kama nina anuani yako.

Naye ana lake ambalo hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Daktari aliposema yale ya macho, aliwaandikia wenye ligi kuwaomba Jumamosi moja ya Septemba klabu yetu isicheze, ili mpate kuja nyinyi. Wakakataa, wakasema ratiba ni ratiba, asiyetokea uwanjani anahesabiwa ameshindwa. Barua yao nimeisoma kwa kuwa hupita kwangu. Jibu la Kaka Jamil lilikuwa na mstari mmoja: tuhesabuni tumeshindwa. Kwa mtu anayekosa usingizi klabu ikishushwa nafasi moja, unajua hilo limemgharimu nini.

Basi siku ni Jumamosi, tarehe 17 Septemba 2022, saa tatu asubuhi. Nimetia siku, nimetia tarehe, nimetia mwaka. Mwezi uandame kwenu, uandame kwetu, au ujifiche nyuma ya mawingu, siku hiyo itabaki Jumamosi pande zote mbili. Mvua za vuli zitakuwa bado hazijaingia. Ukipata watu kumi na mmoja, walete. Ukiwapata watano, tutawaazima vijana wetu sita. Ukiwa peke yako, panda ndege peke yako.

Usimwambie Baba kwamba unajua habari ya macho. Mwambie umekuja kulipiza Idi, atakuamini.

Nisalimie Kawthar, mwambie kanga alizoniletea nimezishona upindo. Wabusu watoto. Kaka Jamil anakusalimu, ingawa amesema nisiseme hivyo. Bi Kidawa wa ghorofa ya chini anauliza kila siku kama umeshaacha kununa. Baba anakusalimu sana na anakuombea Mungu akufungulie kila mlango, akuondoshee kila zito, na akurejeshe kwetu na uso mkunjufu. Amin.

Kijiti kilichopasuka nimeshampelekea seremala. Septemba 17 nitavisimamisha mwenyewe, vyote vitatu, ili Baba atakapovihesabu awe amesema kweli.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,

Asila binti Muhannad