Bomba Lililopasuka Chumbani kwa Mama

Rashidiya, Dubai
12 Desemba 2023

Mwanangu Thamer,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, mkeo na mtoto hamjambo. Mimi mzima, ila goti la kushoto linaniuma nikiinuka kwenye sala. Huku kumepoa, hata AC tumezima. Shangazi yako Ummi kanionyesha kwenye simu baridi ya huko Edmonton, nikajiuliza mnalalaje.

Naandika kwa vile kwenye simu hatuchelewi kugombana. Umeniuliza tena habari ya viza. Nilishakwambia, walinikatalia. Tuyaache hayo.

Mama yako

*

Edmonton, Kanada
21 Januari 2024

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, alhamdulillahi. Hilo goti kalionyeshe kwa daktari, usilinyamazie.

Wiki iliyopita baridi ilishuka nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Bomba la bafu la chumba chako liliganda ndani ya ukuta, likapasuka. Hatukujua. Baridi ilipolegea barafu ikayeyuka, maji yakamwagika siku nzima nasi tuko kazini. Dari ya chini imeanguka. Kitanda nilichokununulia, godoro, zulia, vyote vimeharibika.

Fundi aliniuliza, "Hita ya chumba hiki nani aliifunga?" Nikamwambia mimi. Akasema, "Ungeacha joto kidogo, mlango wazi, na mfereji udondoke tone tone, lisingeganda. Na bomba la ukuta wa nje ulitakiwa kulivisha sponji."

Nilifunga kwa hasira, Mama. Mwezi wa tisa Shangazi Ummi aliniambia viza yako ilitoka, aliiona kwenye pasi. Nikangoja uniambie mwenyewe. Nikafunga hita, nikafunga na mlango kwa ufunguo. Mke wangu Hala alinisihi, "Usifunge, akija ghafla je?" Nikamkaripia. Baridi ilipozidi nilitaka kufungua, na siku ile ile ikafika barua yako. Ufunguo nikaurudisha kabatini.

Nisamehe kwa kukaa kimya.

Mwanao, Thamer

*

Rashidiya
3 Mei 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi, na pole ya nyumba. Barua yako imekaa chini ya mto wangu karibu miezi mitatu. Kila nikishika kalamu naiweka.

Viza ilitoka. Niliifuata mwenyewe kwa teksi, nikaifungia sandukuni. Siku ya harusi yenu nilisema mbele za watu kwamba sitolala nyumbani kwa Hala, eti wazee wake hatuwajui. Nikaona haya kuyameza maneno yangu, nikakudanganya wewe. Kumbe huyo huyo Hala ndiye aliyekuwa akinitetea. Ummi usimlaumu, mimi mwenyewe nimeshamshukuru.

Viza imekwisha muda wake mwezi wa pili. Niombee nyingine. Nataka kuja, na Hala nitamtaka radhi kwa mdomo wangu.

Mama yako

*

Edmonton
30 Agosti 2024

Shikamoo Mama,

Natumai joto la huko halikuchoshi. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Chumba kilimalizika kutengenezwa mwezi wa nne. Wakati huo huo baba yake Hala alifariki Mombasa, na mama yake, Bi Khamisa, akabaki peke yake na maradhi yake. Hala akaniomba tumlete, nikakubali. Barua yako ilipofika tulikuwa tumeshampa ahadi. Alikuja mwezi wa sita, naye ndiye anayelala pale. Chumba kingine hatuna. Siwezi kukwambia uje ulale sebuleni, wewe mama yangu.

Nilimsomea Hala barua yako. Alilia, akasema laiti ungeandika mwezi wa pili.

Mwanao, Thamer

*

Rashidiya
17 Oktoba 2024

Mwanangu Thamer,

Natumai nyote hamjambo, na Bi Khamisa anaendelea vizuri. Mpe mkono wangu wa pole.

Hala kasema kweli. Nilitaka kumtaka radhi ana kwa ana, lakini nisingoje tena. Msomee hapa: Hala mwanangu, nilikukosea, nisamehe.

Mwezi wa tano, nilipokuandikia, nilikwenda Deira na Ummi nikanunua koti zito, soksi za sufu na kilemba cha kufunika masikio. Nimempa Sheikha, jirani yetu, anakuja huko kwa bintiye mwezi ujao. Mpe Bi Khamisa, asijue vilikuwa vya nani. Koti nililipima mwilini mwangu. Kama yeye mnene kunishinda, kwenye pindo za ubavuni kuna kitambaa cha akiba, Hala alifumue.

Mama yako, Masuda