Injini Uliyosema Ifungwe

3 Machi

Kwako Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko kambini? Huku tu wazima. Mama anakusalimu, goti linamsumbua kidogo lakini mdomo haujambo. Mimi nami sijambo, ila tangu juzi nyama hainipiti kooni.

Sababu ni huo mzigo wako. Mwewe, yule rafiki yako wa chuma chakavu, ameileta injini, akaishusha mlangoni mwa gereji kama mtu anayekimbia kesi, akaondoka hata maji hakunywa. Kaka, uliiona kabla ya kununua, au umeuziwa mbuzi kwenye gunia? Hii ni silinda sita! Pikapu ya marehemu Baba ina nne, tena vijisilinda, na kwa miaka yote hiyo imebeba saruji, mabati, maharusi na wagonjwa, haijalalamika. Sasa unataka nikamtie mtoto viatu vya baba yake.

Hayo tuyaache. Nimeshinda siku nzima naikwangua kwa dizeli. Oili ya ndani imeganda, inatoka mabongemabonge. Nilipofungua kisanduku cha hewa nikarudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa. Panya walihamia humo, wakazaa humo, wakafia humo. Nimewatoa kwa mkono, kaka, mkono huu huu ninaolia ugali. Na kiota chao si nyasi wala karatasi. Ni bandeji. Bandeji na pamba, nyingine zina damu kavu. Ptu! Nimejisugua kwa sabuni ya unga mpaka ngozi inawasha, na harufu bado ninayo.

Panya gani hao wanaotandika bandeji? Niambie injini hii imetoka kwenye gari gani.

Mdogo wako,
Fundi

21 Machi

Mdogo wangu, fundi wa mafundi,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa lori la chakula, nikacheka mpaka wenzangu wakadhani homa imenipanda kichwani. Mimi mzima. Kazi ni ile ile, vumbi puani na msimamizi mgongoni. Mpe Mama pole ya goti, mwambie asipande ngazi.

Yaani wewe, mtoto wa gereji, unashindwa kula kwa sababu ya panya? Haya makubwa! Injini ni injini, chuma hakina ukoo. Mwewe kaipata kwenye chuma chakavu, na Mwewe ni mtu wangu tangu tunavaa kaptura. Mambo yake usiyachimbe sana. Wewe ishushe ile ya zamani, umpe yeye, ndivyo tulivyopatana.

Unajua ninachokiwaza nikilala? Mwezi wa saba naja likizo, naingia mtaani na pikapu ya Baba, nimeipiga rangi nyekundu, inanguruma mpaka vikombe vinacheza kwenye makabati ya watu. Nimekula vumbi miaka mingi, mdogo wangu. Nataka siku moja tu watu watoke nje waniangalie mimi. Ni dhambi?

Kaka yako

9 Aprili

Kaka,

Salamu. Nakusalimu kwa sababu Mama amekaa hapa pembeni ananitazama. Yeye hajambo.

Injini ya Baba nimeishusha na Mwewe ameibeba. Hii yako nimeijaribu mara mbili. Haiingii. Mbele inagonga rejeta, nyuma inagonga ukuta wa kabini, na chasisi nimeipima, itabidi niikate na kuichomelea upya. Nilikuwa nimeshawasha mashine ya kuchomelea alipoingia dereva wa zahanati kuomba boliti la geti lao.

Huyu unamfahamu, yule mrefu mpole. Tangu gari la wagonjwa lilipowekwa juu ya mawe anafungua na kufunga geti. Msimamizi wa zahanati alimwambia injini imekufa, imepelekwa kwa mafundi wakubwa, wasubiri. Basi wamesubiri. Kaka, aliiona injini sakafuni, akasahau boliti. Akachuchumaa, akashika waya wa bluu uliofungwa pembeni ya pampu ya dizeli. "Huu niliuzungusha mimi," akasema. "Kibanio kilivunjika njiani, nikakata waya wa redio yangu." Kisha akaniangalia usoni. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Nilimuuliza kama kweli ilikuwa imekufa. Akasema siku ya mwisho aliiendesha mpaka hospitali kuu na kurudi, akaiegesha mwenyewe, ikiwa inazunguka vizuri kama cherehani.

Kwa hiyo zile bandeji ni za wagonjwa wetu. Ulijua? Nijibu ndiyo au hapana, usiniletee mashairi. Na nipe ruhusa niirudishe.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima. Mimi sijambo, ila barua yako imenikera.

Ndiyo, nilijua. Haya, umefurahi? Mwewe alinieleza. Yeye na msimamizi wa zahanati wana lao, mimi halinihusu. Nisingeinunua mimi angeinunua mwingine, na lile gari lingeozea pale pale. Huijui nchi hii? Kitu cha wote ni cha asiye na aibu. Mimi angalau naileta nyumbani.

Halafu fikiria kidogo. Pikapu ikipata nguvu si ndiyo itakayobeba wagonjwa? Baba hakuwa anawabeba? Basi. Dereva mpe boliti lake aende zake. Wewe kazi yako ni spana, mahubiri waachie wenyewe. Ifunge.

Kaka yako

14 Mei

Kaka,

Sisi wazima. Fundi cherehani wa nyumba ya pili si mzima.

Jumatatu asubuhi uchungu wa kujifungua ulimshika. Mkunga wa zahanati alimpima, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali kuu sasa hivi. Zahanati hakuna gari. Wakaja kwangu mbio, maana mtaa mzima unajua pikapu ya Baba haijawahi kumkatalia mtu. Wakaikuta boneti wazi, ndani tupu, unaona mpaka sakafu. Na pembeni, juu ya matairi mawili, imekaa injini, safi, inang'aa, nimeipangusa mimi.

Mumewe akaniuliza, "Hii si injini?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa?"

Wakachukua mkokoteni wa muuza maji. Wakatandika godoro, wakamlaza, wakasukuma. Nami nilisukuma. Kila shimo la barabara alipiga kelele, na kila alipopiga kelele nilikuona wewe na rangi yako nyekundu. Kule mwisho wa lami tukapata lori la mchanga likatuchukua.

Mama mtu amepona. Mtoto hakulia. Walimzika jana.

Cherehani yake ipo barazani imefunikwa shuka. Najichukia, ujue. Nimejichukia mpaka nguo zangu naona zinanuka. Lakini wewe nakuchukia zaidi kidogo, na Mama akijua nimeandika hivi atanichapa, na utu uzima wangu wote huu.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Pole, na poleni nyote hapo mtaani. Habari imenisikitisha sana. Mungu ampumzishe malaika yule. Fundi cherehani mnunulie kitambaa kizuri kwa jina langu, apate kitu cha kumliwaza.

Lakini tusichanganye mambo. Watoto wamekuwa wakifa tangu dunia iumbwe, hata magari ya wagonjwa yakiwa na injini. Nisibebeshwe mimi. Hilo neno la kunichukia nimelisamehe, ni uchungu tu.

Likizo yangu imekubaliwa. Wenzangu wawili nitakuja nao, nimeshawasifia gari. Usiniaibishe. Barua nyingine ya maneno sitaisoma. Mimi ndiye mkubwa kwa Baba, na nasema kwa mara ya mwisho: injini ifungwe kabla sijafika. Ikifungwa, niandikie mstari mmoja tu.

Kaka yako

18 Juni

Kwako Kaka mkubwa,

Salamu, na natumaini hujambo. Mama hajambo, goti limetulia.

Mstari wako mmoja ndio huu: injini nimeifunga.

Hukuandika kwenye gari gani. Nimeisoma barua yako mara tatu nihakikishe, nikampa na Mama aisome, naye akasema ni kweli, mwanangu kaandika ifungwe, hakutaja gari.

Tuliipakia kwenye ule ule mkokoteni wa muuza maji, mimi na dereva na mume wa fundi cherehani, tukaipitisha katikati ya mtaa mchana kweupe. Geti la zahanati alilifungua dereva mwenyewe. Kwenye gari la wagonjwa haikugonga mbele wala nyuma, kaka, iliingia kama ulimi mdomoni. Nilipokuwa chini ya gari nikasikia viatu vya msimamizi vimekuja kusimama karibu na kichwa changu. Nikasubiri aseme. Atasema nini? Aulize injini imetoka wapi? Viatu vikasimama weee, vikageuka, vikarudi ofisini. Tangu siku hiyo yuko likizo ya ugonjwa, na Mwewe hajulikani aliko.

Pikapu ya Baba haina kitu ndani. Wageni wako waambie wavae viatu vya kutembelea. Kitambaa sijanunua. Kumpelekea fundi cherehani kitambaa! Kaka, hivi ulifikiri kabla ya kuandika, au mkono ulijiendea wenyewe?

Dereva alipoiwasha iliitika mara ya kwanza. Watu walitoka nje kweli, mtaa mzima, wakapiga makofi, wagonjwa wa foleni nao wakasimama. Fundi cherehani alitoka pia. Alikuja na shuka mabegani, akasimama karibu na boneti, akasikiliza muda mrefu. Mimi nilijipangusa mikono nikasogea. Nilidhani atanishukuru, mjinga mimi, au angalau atalia nimshike.

Akasema, "Kumbe gari lilikuwa zima."

Akarudi kwake. Njoo umjibu wewe.

Mdogo wako