Ralenti ya Ndeke Yangu

Kolwezi, siku ya Mungu

Tata yangu,

Huku nyumbani tuko bazima, mama anakusalimia. Leo mutoto wako niko na kiburi! Ile ndeke kidogo niliyotengeneza na motere ya musumeno wa kukata miti imeruka. Juma mbili nzima ilikuwa inazima kila nikipunguza esanse, mafuta yake. Benzangu bakasema, "Ongeza moto!" Nikakataa. Si wewe njo ulinifundisha? Kupiga kelele kila motere inaweza. Ile ya kweli inajulikana na ralenti, ikinguruma pole pole bila kufa. Kumbe tuliiacha visi ya kabiratere, ile ya kupima esanse, vile ilitoka fabriki, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi, esanse inazidi. Nikazungusha robo tu. Ralenti ikakala dakika kumi!

Tantine Wivine, dada yako, aliniandikia juu ya masikio yako. Anasema ile mashini ya kuvunja majiwe ya kazi yako iliyamaliza, hausikie tena, na njo maana unajificha kwake Dilolo, unaona haya kurudi. Tata, rudi. Nitawasha motere, na wewe utaweka mukono pa bawa, usikie vile inatetemeka. Kama ralenti ni mubaya, mukono wako utaniambia.

Ni mi, mekanisie uliyemulea,
Tania