Usitie Nanga Hapa

Jumapili usiku

Na yule mlinzi hakunikosea adabu hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Tangu kaka yangu Otieno azame pale ghubani ziwani, kila mwaka naenda na kile kiboti chetu cha matembezi, natia nanga, nazima injini, nakaa naye kidogo. Leo nimekuta vizimba vya samaki vimetanda kote. Maji ya kila mtu yamekuwa shamba la mtu.

"Mama, siku hizi hapa hakuna kutia nanga," mlinzi akaniita kutoka kwenye boti yake. "Itararua neti."

Nikamwambia kaka yangu yuko hapo chini, hatukumpata. Akavua kofia.

"Pole sana, mama. Pita polepole, lakini usisimame."

Nisisimame! Nikazunguka, nikazunguka tena, injini ikinguruma, hata sala sikuimaliza. Soda aliyoipenda, niliyomchukulia, nimerudi nayo.

Mama yangu ananiambia niachane na ziwa, niende kwenye kaburi nyumbani kama watu wengine. Lakini kaburi lile nalijua. Ziwa lilipokataa kumrudisha, wazee walizika tunda la yago, lile refu la mti wa mvungunya, badala yake, ndiyo desturi yetu. Mimi ndiye niliyelibeba. Lilikuwa zito kama mtoto mchanga, na nililia kweli, lakini nilijua nabeba tunda.

Na mwakani je? Sijui.

Tunda lina kaburi, lina msalaba, lina maua. Otieno amefugiwa samaki juu yake, na mimi sina ruhusa ya kusimama.