Chumba Kilichokataa Kurudi Ndani

Chumbageni,
Tanga.
12 Machi, 1996

Mpendwa mpwa wangu Khozema,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila magoti yangu, ambayo masika yakikaribia huanza kulalamika kabla ya vyura. Natumaini wewe, mkeo Inara na mtoto mnaistahimili baridi ya huko ughaibuni.

Kwanza uniwie radhi. Tangu tumzike baba yako sijakuandikia. Sikusahau. Kila wiki nilijiambia kwamba nitaandika trela la mama yako likishahama, ili nikuletee habari iliyokamilika. Trela halijahama. Nimechoka kungoja, naandika hivyo hivyo.

Mama yako ni mzima. Yumo edani, humo humo ndani ya trela, nyumba ya magurudumu alimoishi na marehemu, na sharti amelishika: hatoki, wala mwanamume asiye maharimu wake hamwoni.

Taabu ilianzia kwenye kiwanja. Rafiki wa baba yako aliyewaazima mahali pale Raskazone alikwisha kufariki, na warithi wake wamekiuza. Mnunuzi ni Bwana Fanueli, Mshambaa wa Lushoto, mtu wa kanisa na mwenye adabu. Anataka kujenga nyumba ya wageni. Siku hizi kila mtu anajenga nyumba ya wageni. Wageni wenyewe watatoka wapi, sijui. Ametuomba tuhame kabla ya masika, nami nimesafisha ua wangu ili trela lije likae hapa.

Nilimwendea mulla wetu kumuuliza kama mjane aliye edani aweza kuhamishwa pamoja na nyumba yake. Alisema swali hilo hajapata kuulizwa. Kisha akasema kwamba pakiwa na dharura hapana kosa, ila yeye mwenyewe aridhie.

Kilichotushinda ni kile chumba cha ubavuni, kinachotoka nje kama mtoto wa meza. Baba yako alipolinunua trela mnadani kule Mkwaja, wajenzi wa barabara walipofunga kambi, alikitoa chumba siku ya kwanza na hakukirudisha tena. Nacho kisiporudi trela halivutiki. Litakwangua kuta za mtaa mzima.

Mota yake ikivuta, bolti za gia zinakatika. Barua yako nimeisoma, pamoja na makosa yake, na maelezo yako nimeyaelewa: bolti hizo zimetengenezwa laini kwa makusudi, ili chumba kikikwama zikatike zenyewe na gia isalimike. Fundi Noa nimemweleza jambo hili mpaka koo limenikauka.

“Mwalimu,” ananiambia, “miaka ile tulitafuta bolti isiyokatika tusiipate. Leo maduka yamejaa, wewe unataka inayokatika?”

“Kazi yake ni kukatika.”

“Basi na kazi yangu mimi ni kulala. Mbona umeniita?”

Kitufe cha mota kimo ndani, bolti ziko chini. Kwa kuwa Noa hawezi kuingia kwa mama yako, mimi, kwa umri huu, nimefanywa tarishi. Noa akiwa uvunguni hupaza sauti, “Mwambie Mama abonyeze!” Nami huyarudia dirishani, ingawa mama yako amekwisha kusikia, na majirani pia. “Nimebonyeza tangu jana,” hujibu. Bolti hulia ta! na Noa hutamka neno ambalo sitaliandika.

Zile bolti laini ulizompa Sabiha atuletee alipokuja huku zilifika salama, zimefungwa ndani ya soksi. Nilikwenda kuswali adhuhuri. Niliporudi, Noa alikuwa ameziweka kando, akatia bolti ya lori.

“Hii haikatiki mpaka kiama,” aliniambia kwa fahari, na kabla sijamkataza alikuwa amekwisha kupiga kelele mama yako abonyeze. Nilikuwa nimekaa barazani kupumzisha magoti. Mota ikanguruma, bolti haikukatika, na baraza likatetemeka chini yangu. Nilipiga ukelele wazime. Gia ilikuwa imeng'oka jino, moja tu kwa bahati, na Noa anasema bado itavuta.

Ndipo nilipoinama kutazama. Unamjua baba yako: hakuweza kuishi katika nyumba isiyo na baraza. Alikuwa amejenga la saruji chini ya ukingo wa chumba, akaziba na mwanya ili panya wasipite. Mvua za mwaka jana trela likatitia, na chumba kikalala juu ya saruji. Hatukuwa tukivuta chumba, mpwa wangu. Tulikuwa tukivuta baraza. Kitu chenye magurudumu, nani duniani hukijengea baraza? Ni sisi tu.

“Kumbe bolti zimesingiziwa,” alisema Noa, akaifuata nyundo.

“Kaka, hilo lisiguswe,” alisema mama yako kutoka dirishani.

Nilimkaripia. Aliniacha nimalize. Katika saruji ile, ilipokuwa mbichi, baba yako alichimba mashimo ya bao kwa kitako cha gilasi, na rafiki zake wangali wanakuja kila alasiri kucheza, kwa sauti ya chini kwa heshima ya msiba.

“Nikisikia kete zinaanguka,” alisema mama yako, “na Hosea analalamika kwamba ameibiwa, najua bado niko kwangu. Uani kwako nitasikia nini? Nitakusikia wewe ukisahihisha watu.”



Bwana Fanueli alikuja akalitazama baraza. Anasema tukate ukingo tu. Penye mashimo atapaacha, pabaki mbele ya nyumba yake. Ni uungwana. Lakini bao litakuwa Raskazone na mama yako Chumbageni, na hilo ndilo analolipima. Basi nawe usimwandikie auze trela, kama ulivyoniandikia mimi.

Mke wangu Nargis anakusalimu sana, na anamwambia Inara asiache kumsemesha mtoto Kiswahili. Hosea pia anakusalimu; anasema baba yako alimwibia kete mpaka mwisho.

Bolti zako laini mama yako aliziomba, nikampitishia dirishani. Amezitia ndani ya kijaluba chake cha tambuu, amekifunga. Noa hana nyingine, na ile ya lori nimeitupa kwa mkono wangu. Akizirudisha, tutakata ukingo na kuhama. Akikaa nazo, nitakwenda kumwomba Bwana Fanueli angoje mpaka eda iishe, na kuomba sikuzoea. Vyovyote atakavyoamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mola akulinde, wewe na nyumba yako, popote itakaposimama.

Mjomba wako akupendaye, hata akiwa na hasira,
Abdulrasul